Tarehe za Papa Gauthier

Fiacre Kamate alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Windows, na ukikaa dukani kwake zaidi ya dakika kumi ni lazima ungeusikia. Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mbao na mabati katika mtaa wa Lumumba, hapa Bunia: mlango wa buluu, benchi la wateja nje, na ndani meza mbili zilizojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Watu walimletea mashine zilizolemewa na virusi vilivyosafiri ndani ya vijiti vya USB, kutoka ofisi hadi ofisi, kutoka Bunia hadi Mahagi na kurudi. Fundi mwingine angeua virusi, akarudisha mashine, akanyamaza. Fiacre hakuridhika mpaka aing'oe Windows yote na kuweka Linux mahali pake, na kazi ikiisha alimkabidhi mteja mashine yake kwa neno lile lile: "Sasa imeokoka."

Tusimcheke sana, maana kazi aliijua. Alikuja kutoka Butembo akiwa kijana, akajifunza mwenyewe kwa kutazama masomo ya bure kwenye simu, na masomo hayo yalikuwa ya Kiingereza. Basi Kiingereza kikamkaa kichwani kwamba ndiyo lugha ya mashine. Kifaransa, alisema, ni cha barua na mahubiri. Kila kompyuta iliyopita mikononi mwake aliipanga kwa Kiingereza cha Amerika kule chini, kisha akaivalisha Kifaransa juu ili mwenye mashine aweze kusoma. Jambo hilo lilimtia kiburi kidogo, na mkewe Musoki alikuwa amechoka kulisikia mezani.

Siku moja ya mvua akaingia Papa Gauthier amekumbatia kompyuta iliyofungwa ndani ya kitenge cha mkewe. Papa Gauthier alikuwa sekretari wa parokia kwa miaka thelathini na mmoja. Parokia yake ilikuwa kule juu, Djugu, mpaka vita vilipoifukuza. Siku ile watu walikimbia na magodoro, masufuria na mbuzi. Yeye alikimbia na gunia la unga lenye vitabu sita vya ubatizo, akaliacha godoro, na mkewe Mama Adèle hajamsamehe godoro lile hadi leo. Sasa parokia haina kijiji. Ina chumba kimoja cha kuazima nyuma ya kanisa la wengine hapa mjini, na waumini wake wametawanyika kwenye kambi za wakimbizi na nyumba za kupanga.

Lakini vitabu vilikuwapo, na hilo halikuwa jambo dogo. Karatasi nyingi za kuzaliwa za kule ziliungua pamoja na ofisi zake, na kwa mtu wa Djugu aliyekimbia mikono mitupu, hati ya ubatizo ndiyo ilibaki kusema yeye ni nani na alizaliwa lini. Shule iliitaka. Mahakama iliitaka kabla ya kutoa karatasi nyingine. Kila asubuhi palikuwa na foleni mlangoni pa chumba kile, na Papa Gauthier alifungua kitabu, akaandika majina na tarehe kwenye kompyuta, akachapisha hati, akaipiga muhuri na kutia sahihi kwa kalamu ya wino.

Na alikuwa na mchezo wake. Hakusalimia mtu kwa jina tu. Alimsalimia kwa siku yake ya kuzaliwa. Ukikutana naye sokoni atakunyooshea mkono na kusema, "Ah, Rebecca, douze février," yaani kumi na mbili Februari, na Rebecca atacheka, maana hata mume wake huisahau. Alikuwa anavijua vitabu vyote sita kwa kichwa, au karibu vyote, na alipenda ijulikane hivyo. Kwa kweli alikuwa na majivuno, na ukikosea tarehe ya mtoto wako mwenyewe mbele yake alikusahihisha hadharani bila huruma.

"Radi iliipiga," alisema siku ile, akikifungua kitenge. "Mi nataka tu programme yangu irudi. Ile ya Frère."

Frère alikuwa mtawa mmoja kutoka Ulaya, aliyekwisha kufa, aliyetengeneza programu hiyo kwa mikono yake zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Iliitwa Registre. Ilichora hati yenye fremu ya msalaba na masuke ya ngano, na iliacha nafasi ya muhuri mahali penyewe hasa. Diski ilikuwa imepona na radi. Tatizo ni kwamba kompyuta mpya ya parokia, iliyotolewa na wafadhili, ilikuja na Windows ya siku hizi, na Windows ya siku hizi ilikataa hata kuifungua Registre. Ilitoa kidirisha kidogo cha kusema haiwezekani, basi.

"Papa, ile programme ilizeeka," Fiacre alimwambia. "Nitakupatia ingine, ya sasa."

"Hapana."

"Ile ya sasa iko mwepesi."

"Hapana, Fiacre. Ile najua. Nikifunga macho, vidole vinatembea. Weye ulizaliwa dix-neuf août, sivyo? Ulibatizisha mutoto yako kwetu, nikaandika jina na tarehe ya babake. Tengeneza ile."

Hapo Fiacre alijisikia ameshikwa pazuri, maana hicho ndicho alichokuwa anakitafuta: kitu kilichoishinda Windows na yeye akakiweza. Aling'oa Windows ya kompyuta ile mpya, akaweka Linux, na juu ya Linux akaweka programu iitwayo Wine, ambayo kazi yake ni ukalimani. Alimweleza mzee hivi: ni kama mgeni anayekuja kuhubiri kwa Kifaransa, na katekista amesimama pembeni anageuza kwa Kiswahili. Mgeni anaona anaeleweka, waumini wanaona wanaelewa, hakuna anayemtazama katekista. Registre itadhani iko ndani ya Windows yake ya zamani. Itaomba kitu, mkalimani atageuka kumwomba Linux, atakileta. Ilimchukua siku tano, herufi zikikataa kukaa mahali pake na printa ikigoma, mpaka asubuhi ya sita fremu ya ngano ikatoka nzima, na nafasi ya muhuri palepale.

Wakaijaribu mbele ya Abbé Constant, padri wa parokia. Papa Gauthier akaandika tarehe ya fundi kwanza, kwa heshima: kumi na tisa Agosti. Ikatoka sawa. Akaandika yake mwenyewe, thelathini Aprili. Sawa. Akaandika ya Abbé, ishirini na mbili Novemba. Sawa. Abbé akaibariki kompyuta, akinyunyiza maji kwa uangalifu mkubwa upande wa ukutani, na Fiacre akasema neno lake: "Sasa imeokoka." Papa Gauthier alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Fiacre alirudi Lumumba akitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Miezi miwili hivi baadaye mzee alikuja tena dukani, safari hii bila kompyuta. Alikaa kwenye benchi la ndani, akangoja wateja watoke.

"Fiacre, ile mashine inageuza tarehe."

"Inageuza namna gani?"

"Naandika moja, karatasi inatoka na ingine. Hapana yote. Zingine. Kwenye kioo iko vile niliandika, kwenye karatasi iko ingine."

Hebu fikiri. Mtu aliyekaa na vitabu miaka thelathini na mmoja anakuambia jambo, tena analisema wazi, tena anakuonyesha lilipo. Fiacre alifanya nini? Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama anavyocheka fundi. Alikwenda naye mpaka parokiani, akamwambia, "Andika, tuone," na mzee, kwa ile ile heshima yake, akaandika tarehe ya mtu aliyekuwa amekaa mbele yake: kumi na tisa Agosti. Karatasi ikatoka na kumi na tisa Agosti.

"Unaona?" Fiacre alisema. "Papa, mashine haizeeke. Mutu njo anazeeka. Enda badilisha miwani, na upumuzike kidogo."

Alisema hivyo. Papa Gauthier aliitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati, na hakuuliza tena.

Baada ya hapo malalamiko yakaanza kuja kwa watu. Huyu hati yake inasema Mei na yeye ni wa Oktoba. Yule mahakama imemrudisha. Papa Gauthier alipoletewa hati aliyoikosea aliiandika upya, na ilitoka na kosa lile lile. Kila mara alisema kosa ni lake, maana fundi alikwisha kusema mashine haikosei. Foleni ikaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, kichwa kinamwacha, na haya mambo huwapata wote. Wengine walisema kwa upendo kabisa. Jumapili moja baada ya misa yeye mwenyewe alimpelekea Abbé Constant ufunguo wa chumba, na Abbé akaupokea, akamshukuru kwa miaka yote ile, na kumwambia apumzike. Abbé alimweka Mireille, mwalimu wa shule ya msingi, aanze kazi Jumanne.

Fiacre aliposikia alisikitika kidogo, kama tunavyosikitika sote mtu wa umri ule akistaafu. Kisha akaendelea na kazi zake.

Jumatatu asubuhi Glodie aliingia dukani kufanya fotokopi. Huyu ni binti wa Djugu, anaishi na shangazi yake kwenye kambi, alimaliza sekondari akiwa ndani ya hema la turubai na akapata diploma yake ya serikali hivyo hivyo. Alikuwa ameomba nafasi kwenye shule moja ya wauguzi. Alimpa Fiacre karatasi za maombi yake, dosie yenyewe, moja moja.

"Dosie yangu waliikatala," alisema, bila kulalamika, kama anayesema mvua imenyesha. "Diploma inasema trois juillet. Ya ubatizo inasema sept mars. Wanasema hapa kuko batu wawili. Naenda kuomba tena, lakini walishafunga liste ya mwaka hii."

"Na ya kweli iko gani?"

"Trois juillet. Papa Gauthier mwenyewe alikuwa ananisalimiaka vile. Njo mambo ya uzee, Papa Fiacre. Hatumukasirikie."

Alikuwa na hati za binamu zake wawili pia, ameagizwa nakala. Mmoja, wa tarehe tano mwezi wa kumi, hati ilisema tarehe kumi mwezi wa tano. Wa pili alikuwa wa ishirini na nne Februari, na hati ilisema ishirini na nne Februari. Fiacre alizipanga tatu zote juu ya meza. Tatu Julai imekuwa saba Machi. Tano Oktoba imekuwa kumi Mei. Ishirini na nne imebaki. Akavuta kiti, akakaa.

Maana alijua, palepale. Waamerika huandika mwezi kwanza, siku baadaye. Yeye ndiye aliyeipanga mashine ile kwa Kiingereza cha Amerika kule chini, na mkalimani wake alisoma tarehe kama Mwamerika. Ukimwandikia 03/07 aliona mwezi wa tatu, siku ya saba. Ukimwandikia 24/02 alitafuta mwezi wa ishirini na nne, akaukosa, akatambua kwamba hapa siku imetangulia, akaiacha ilivyo. Kila mtoto aliyezaliwa kati ya tarehe moja na kumi na mbili aligeuzwa, na aliyezaliwa baada ya hapo alipita salama. Na zile tarehe tatu za majaribio, ya kwake, ya mzee na ya Abbé, zote zilikuwa za baada ya kumi na mbili. Hata ile mara ya pili, mzee alipokuja kumwambia.

"Papa Fiacre, unaumwa?" Glodie aliuliza.

"Hapana. Chukua. Leo ni bure."

Jumanne asubuhi alikuwa parokiani kabla ya foleni. Mireille alikuwa anapangusa meza. Fiacre akasema amekuja kuangalia mashine kidogo. Aliandika 03/07, akachapisha, ikatoka 07/03. Alifungua mahali pa kuandikia amri, akaandika mstari mmoja wa kuiambia mashine kwamba hapa ni Kongo na tunahesabu kwa Kifaransa, akafunga, akafungua, akachapisha tena. Ikatoka 03/07. Haikuzidi dakika tatu. Zile karatasi mbili alizikunja na kuzitia mfukoni.

"Ilikuwa na nini?" Mireille aliuliza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, Abbé Constant alikuwa uani anaongea na mtu, sauti yake inasikika kabisa. Fiacre aliwaza mashine zote za mji alizozipanga vile vile. Aliwaza mdomo wa mafundi wenzake. Akasema, "Nilitoa mavumbi tu."

Hati ya kwanza ya Mireille ilitoka safi. Ya pili safi. Kwa wiki nzima, kwa mwezi mzima, hakuna aliyerudi kulalamika. Waliokuwa na hati mbaya walikuja moja moja, Mireille akawaandikia upya, na kila mmoja aliondoka akisema ile nyingine ilikuwa ya Papa Gauthier. Ukitaka kumzika mtu akiwa hai, fanya kama alivyofanya Fiacre: rekebisha kosa kimya kimya siku ile ile mwingine anapoanza kazi yake. Hakuna tena aliyekuwa na shaka. Mashine ni ile ile, chumba ni kile kile, kilichobadilika ni mzee tu.

Fiacre alijiambia kwamba hati sasa ziko sawa, na hilo ndilo muhimu. Alijiambia kwamba mzee alistahili kupumzika hata hivyo. Aliipitia kwa siri kila mashine aliyowahi kuipanga, duka la dawa, shule, karakana ya pikipiki, akibadilisha ule mstari mmoja na kusema ni mavumbi. Aliacha kusema "imeokoka". Musoki aliona anasukuma sombe kwenye sahani bila kula, akauliza kuna nini, akajibiwa kazi nyingi. Alikuwa na aibu, na aibu ile ilimfanya mkali kwa watu wasio na kosa.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha ikafika sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na watu wake wote wakakusanyika kutoka makambini kwa misa moja ndefu. Fiacre alikwenda kwa sababu Musoki alimvuta. Misa ilipotoka, akakutana uso kwa uso na Papa Gauthier kwenye ngazi. Mzee alikuwa amekonda. Hakuwa na miwani. Mama Adèle alikuwa amemshika kiwiko, kama anavyoshikwa mtu asiyeona, na mkononi mzee alikuwa na kidaftari cha shule.

Fiacre alinyoosha mkono na kungoja tarehe yake. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa anaingoja.

Papa Gauthier alimshika mkono, akamtazama. Midomo ilianza kufanya neno, ikaacha. "Unisamehe," alisema polepole. "Ni Fiacre, najua. Fundi. Lakini ile tarehe yako, ilikuwa... Hapana. Nisikudanganye. Ulizaliwaka lini?"

"Dix-neuf août, Papa."

"Dix-neuf août." Aliiandika kwenye kidaftari. "Nilikuwa nawaza vile. Lakini mi sijiamini tena."

Mama Adèle alimwambia Fiacre, kwa sauti ya chini, kwamba sasa anaandika kila kitu. Kama amefunga mlango. Kama amekwisha kusali. Sokoni haendi peke yake tena, anaogopa kupotea, mji huu huu. Fiacre alisema pole. Alitembea hadi nyumbani mbele ya Musoki bila kumngoja, akaingia, akakaa kitandani na viatu, na Musoki alipomfuata akamweleza yote tangu mwanzo. Musoki alisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini unaniambia miye?" aliuliza. "Mi hapana Papa Gauthier."

Kesho yake saa tisa alasiri alikwenda Mudzipela, mtaa walikopanga wazee wale nyumba ya vyumba viwili. Aliwakuta uani wanachagua maharagi kwenye ungo, mzee akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuvihesabu kwa sauti. Akapewa kiti. Akakataa maji. Alitoa mfukoni zile karatasi mbili za siku ile ya Jumanne, zimelainika kwenye mikunjo, akaziweka kwenye goti la mzee.

"Papa, zote mbili niliandika trois juillet. Ile ya kwanza mashine iligeuza. Ile ya pili, nilikuwa nimeshatengeneza mashine. Kosa ilikuwa yangu. Toka siku ya kwanza. Niliipanga mubaya. Tarehe ya moja mpaka douze, ilikuwa inageuza. Weye uliandika muzuri siku zote."

Mzee akazisogeza karatasi karibu na macho, akazirudisha mbali.

"Adèle, miwani."

Miwani ilikuwa kwenye sanduku, chini ya nguo, imefungwa ndani ya leso. Aliivaa, akazisoma karatasi mbili, akageuza nyuma, akasoma tena mbele.

"Sema tena," alisema.

Fiacre akasema tena, na safari hii akaongeza lile alilokuwa ameliruka: kwamba mzee alikuja kumwambia na yeye akamcheka. Kwamba alitengeneza mashine kwa siri na kusema ni mavumbi. Kwamba alijua kwa miezi minne. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Njiani alikuwa ameyapanga hata matusi yenyewe, na majibu yake.

"Kumbe niliandika muzuri," Papa Gauthier alisema. Alisimama, ungo ukaanguka, maharagi yakamwagika uani, na hakuyatazama. "Adèle, umesikia? Kichwa yangu iko muzima." Kisha akacheka, kicheko cha mtoto, machozi yanamshuka chini ya miwani, na akamkumbatia Fiacre kwa nguvu. Fiacre alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alisimama na mikono imening'inia, akatamani mzee angempiga.

Mama Adèle hakucheka. Alipiga magoti kuokota maharagi. "Miezi ine," alisema bila kuinua uso. "Miezi ine huyu mutu ananiuliza kila asubui kama yeye ni mutu bado. Na weye ulikuwa unajua. Unapita kwenye barabara, unajua."

"Ndiyo, Mama."

"Mi sikusamehe leo. Labda siku ingine."

"Ndiyo, Mama."

"Muache," mzee alisema, anapangusa miwani. "Twende. Tunaenda kwa Abbé."

Hakumwomba. Alimshika mkono kama anayemshika mtu aliyemkamata, na wakatoka. Lakini hawakufika kwa Abbé moja kwa moja, kwa sababu kwenye nyumba ya jirani mzee alisimama, akabisha, na mwenye nyumba alipotokea akamsukuma Fiacre mbele. "Sema ile uliniambia." Fiacre akasema. Jirani akashika kichwa. Mzee akamtikisa mkono, akasema, "Sept septembre, weye. Sikosee?" na jirani akasema hakosei. Wakaenda nyumba ya pili. Wakaenda kwa muuza sabuni kwenye kona. Kila mahali Fiacre alirudia, na kila mahali yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu wengine walimtazama mzee na kufurahi, na wengine walimtazama yeye. Mzee hakuwa anamwadhibu. Alikuwa anasikiliza, kila mara, kwa makini yale yale, kama habari mpya.

Abbé Constant aliwasikiliza amesimama, Mireille pembeni yake. Abbé aliinamisha kichwa. Alisema kwamba yeye pia alipaswa kuuliza, na hakuuliza, na akautoa ufunguo kwenye droo. Papa Gauthier akausukuma nyuma kidogo. "Mireille anaandika muzuri. Abaki. Mi nitakuwa nasoma mbele karatasi haijatoka. Kila karatasi." Kisha akamgeukia Fiacre, zile karatasi mbili za trois juillet mkononi. "Na Glodie?"

Fiacre alikuwa amengoja jina hilo tangu Mudzipela, akitumaini halitatajwa. "Mwaka yake ilipotea, Papa. Shule ilifunga liste."

"Najua. Njo maana tunaenda kwake."

Walichukua moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kambini, wawili nyuma ya dereva, mzee katikati. Jua lilikuwa bado halijazama. Mzee njiani alikuwa anacheka peke yake na kutaja tarehe za watu waliopita barabarani, nyingine akizipata, nyingine akinyamaza. Lakini walipoanza kupita kati ya mahema, kicheko kikaisha. Kwa jirani na kwa Abbé alikuwa amebeba habari njema. Huku hakuwa na kitu cha kuleta.

Glodie alikuwa mbele ya hema la shangazi yake, anasuka nywele za mtoto wa jirani. Aliinuka alipowaona, akajifuta mikono. Papa Gauthier alisimama mbele yake, na Fiacre aliona kidaftari kimetokeza mfukoni na mkono wa mzee haukigusi.

"Glodie," alisema. "Trois juillet."

"Ndiyo, Papa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Trois juillet."

Mzee alisogea pembeni. Safari hii hakumsukuma Fiacre wala hakumwambia aseme. Fiacre alivua kofia, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanza na ile hati ya ubatizo aliyoifanyia fotokopi bure, siku alipojua na hakumwambia.